Simu inawaka, lakini imegoma: tuanzie wapi?

Kibanda changu kiko Buguruni, Dar es Salaam. Mchana natengeneza simu, na meza hiyohiyo ndiyo ya uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Mtu akifika hapa neno lake la kwanza ni moja: "Fundi, simu yangu mbovu." Naichukua, naiwasha, naona inawaka vizuri, kioo kizima, chaji inaingia. Hapo ndipo naweka bisibisi chini na kuanza kuuliza maswali.

Nimejifunza kwa miaka kwamba simu moja ina madaftari matatu, na yote matatu yako mbali na mkono wako. Kuna daftari la simu yenyewe, linaloitambua kwa IMEI, namba yake ya utambulisho. Kuna daftari la laini, linalomtambua aliyeisajili kwa namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama ya kidole. Na kuna daftari la pesa, ambalo linafuata laini. Jina likikosewa kwenye mojawapo, simu inagoma, na fundi hata akiifungua mara kumi hatalikuta kosa ndani yake. Wengi wanapoteza elfu ishirini, elfu hamsini kwa mafundi kabla ya kugundua hilo. Nimeandika haya ili uanze mahali sahihi.

Kabla ya yote, fanya mambo mawili, yote bila bando. Piga *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15. Simu ya laini mbili itatoa namba mbili. Hiyo ndiyo IMEI. Iandike kwenye karatasi, maana ukiihifadhi ndani ya simu yenyewe itaibiwa pamoja nayo. Kisha piga *106# na ufuate maelekezo uone laini yako imesajiliwa kwa jina gani, na namba yako ya NIDA, ile ya tarakimu 20, imebeba laini ngapi. Ukiwa na laini za mitandao miwili au mitatu, rudia kwenye kila mmoja. Ukishapata majibu hayo mawili, tafuta hapa chini dalili yako.

Simu ni nzima, lakini hakuna laini inayoshika mtandao

Toa laini yako, iweke kwenye simu ya mtu unayemwamini. Ikishika, laini haina kosa. Sasa chukua laini yake iliyo hai, iweke kwenye simu yako. Ikigoma, na ukijaribu laini ya mtandao mwingine nayo ikagoma, shaka inahamia kwenye simu. Inaweza kuwa antena au saketi imeingia maji, na hilo ni la fundi. Lakini kama simu haijaanguka wala kulowa, na imekata ghafla, huenda IMEI yake imefungiwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Waliokuwa Kariakoo wakati huo wanakumbuka kulivyokuwa asubuhi yake. Tangu hapo mitandao yote inaangalia rejesta kuu moja ya IMEI. Namba ikiwa bandia, au simu ikiripotiwa kuibiwa na kufungiwa, haiwezi kupokea mtandao wowote nchini. Kubadili laini hakusaidii, kwa sababu kilichofungiwa ni chombo.

Kipimo chake ni hiki: andika zile tarakimu 15 kwenye meseji, tuma kwenda 15090. Jibu likija, usisome nusu. Watu wengi wakiona jina la kampuni kubwa wanafurahi na kuondoka. Linganisha aina na toleo lililotajwa na simu iliyo mkononi mwako. Kijana mmoja aliniletea simu aliyonunua kituo cha daladala kwa laki moja na themanini, kifuniko cha nyuma kimeandikwa jina kubwa la Korea. Jibu la 15090 likataja simu ya batani ya kampuni nyingine kabisa. Maana yake mtu aliiondoa IMEI ya kwanza, akapachika ya simu nyingine. Aliyeuza alijua. Yule kijana hakujua, lakini ndiye aliyekuwa ameishika.

Hapo atakuja mtu akunong'oneze: "Ilete niiflashi, nikubadilishie IMEI, kesho inashika." Usikubali. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 kubadili IMEI ni kosa la jinai, na atakayefika kituoni ni fundi aliyebadili na mwenye simu aliyemlipa. Nimekataa kazi hiyo mara nyingi, nikatukanwa, na wengine wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Nitaendelea kuikataa. Njia ya halali ni kumrudia muuzaji na risiti. Ndiyo sababu risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina thamani kuliko punguzo la elfu kumi unalopewa ukikubali kuondoka bila risiti: inaonyesha duka, tarehe na ulicholipia. Omba IMEI iandikwe juu yake.

Kuna jambo moja 15090 haitakuambia. Simu iliyoibiwa jana, ambayo mwenyewe bado hajairipoti, itajibu safi kabisa, kwa kuwa ni simu halisi. Wiki ijayo akiripoti, itakufa mkononi mwako, na wewe utaulizwa uliipata wapi. Kwa hiyo ukinunua simu iliyotumika, pale Makumbusho, Kariakoo au kwa rafiki wa rafiki, mtake muuzaji aonyeshe boksi lenye IMEI ileile, aitoe simu kwenye akaunti yake mbele yako, na akuandikie karatasi yenye jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Anayeona karatasi hiyo ni usumbufu amekwisha kukujibu.

Simu inafanya kazi, laini yako peke yake imekufa

Anza na sababu nyepesi. Laini iliyokaa kabatini miezi bila kutumika hufungwa, na baadaye namba hugawiwa mtu mwingine. Kama ni laini ya zamani uliyoikumbuka leo, huenda hilo ndilo jibu. Sababu nyingine ni usajili: usajili kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, mwisho wake ukasogezwa kutoka 31 Desemba mwaka huo hadi 20 Januari 2020, na zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Bado nakutana na laini zenye kasoro ya usajili. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho au namba ya NIDA. Utaweka kidole, nalo litaisha.

Sababu nzito ni hii nyingine. Laini ulikuwa unaitumia saa moja iliyopita, sasa inasema hakuna huduma, na waliokuzunguka wenye mtandao huohuo wanaongea vizuri tu. Usikae ukisubiri mtandao urudi. Inawezekana kuna mtu amerudisha namba yako kwenye kadi nyingine, na kadi iliyo mkononi mwako imezimwa kwa sababu namba haiwezi kuishi mahali pawili. Akishaipata namba, anapokea meseji zako za benki, anaomba namba mpya ya siri, anakopa kwa jina lako.

Fanya haya saa hiyohiyo. Azima simu yenye laini ya mtandao uleule na upige 100. Ukipiga 100 kwa laini ya mtandao mwingine utawapata wao, na hawawezi kuigusa namba yako. Sema: "Namba yangu imekatika bila mimi kuomba, naomba mzuie laini na akaunti ya pesa." Kisha pigia benki uliyoiunganisha na namba hiyo. Halafu ndipo upande bodaboda kwenda duka la mtandao na kitambulisho. Watu wanaanza na duka, wanakwama foleni Ubungo, wakifika hela imekwisha.

Ukiwa umetulia, jiulize ulimpa nani taarifa zako. Mara nyingi kulikuwa na simu siku mbili kabla: "Napiga kutoka huduma kwa wateja, tunahakiki usajili wako, taja namba ya NIDA, taja miamala mitatu ya mwisho." Mtoa huduma hahitaji umtajie namba yako ya siri, na ujumbe wenye tarakimu za uthibitisho ni wako peke yako.

Ukipiga *106#, zinatokea namba usizozijua

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linawapata watu wasio na hatia yoyote, hasa wazee na kina mama wa sokoni.

Mama mmoja anayeuza samaki Feri alikuja hapa jioni, kanga begani, uso umemshuka. Jirani yake alikuwa amepokea meseji ile tunayoijua wote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Jirani alikuwa kweli anadaiwa kodi, akaingiza kiasi, na kabla ya kuthibitisha jina likatokea kwenye kioo. Jina la huyu mama, majina yote mawili. Jirani akaja na simu mkononi, mbele ya watu, kumuuliza kwa nini anamtapeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niangalizie hii simu, wananiita mwizi."

Alikuwa na simu ya batani. Tukapiga *106#, nikaisoma namba ya NIDA kutoka kwenye kitambulisho chake taratibu, tarakimu nne nne. Zikatokea namba tatu. Ya kwanza ilikuwa yake. Akaziangalia zile mbili, akasema, "Hizi si zangu." Nikamuuliza laini yake aliisajili wapi. Akakumbuka: kijana mwenye mwamvuli, pale pale sokoni, aliyekuwa akitoa laini bure. "Akaniambia kidole hakisomi, kina magamba ya samaki, jifute uweke tena. Nikajifuta kwenye kanga, nikaweka. Akasema tena. Niliweka mara tatu."

Kidole kilisoma mara ya kwanza. Zile nyingine zilikuwa laini za watu wengine.

Kidole kweli kinaweza kukataa kusoma. Watu wanaofanya kazi za mikono, wanaofua, wanaochanganya saruji, alama zao hufifia. Ndiyo maana hila hii inafanikiwa: inafanana na ukweli. Kwa hiyo usihukumu kwa mara ngapi umeweka kidole. Hukumu kwa *106#. Piga palepale, kabla hujaondoka mbele ya msajili, kisha piga tena baada ya siku chache. Na ukiweza, sajili laini dukani kuliko chini ya mwamvuli.

Ukikuta namba ngeni, ziandike zote. Usizipigie, utamwamsha aliyezishika na hutapata lolote. Nenda duka la mtandao unaohusika wewe mwenyewe, kwa sababu kidole chako ndicho kitakachotumika kuthibitisha, huwezi kumtuma mtoto. Sema unataka namba hizo ziondolewe kwenye jina lako, na usiondoke bila kurudia *106# na kuona zimetoka. Duka moja, sitalitaja, lilimzungusha yule mama siku tatu: mara mfumo uko chini, mara aje kesho, na kila siku aliacha meza yake ya samaki. Siku ya tatu nilienda naye, nikaomba tuandikiwe sababu ya kukataliwa na jina la aliyekataa. Namba zikatolewa kabla karatasi haijapatikana. Ukifika hapo ukakwama, malalamiko yana ngazi: kwanza mtoa huduma mwenyewe, kisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ofisi zao ziko Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma.

Na kama namba hiyo imekwisha kutumika kwa utapeli, kama ilivyokuwa kwa huyu mama, ongeza hatua moja: nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa na upewe RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ni afadhali wewe uwe wa kwanza kusema "namba hii imesajiliwa kwa jina langu bila ridhaa yangu" kuliko kuulizwa baada ya miezi minne.

Unatumia laini, lakini jina ni la mtu mwingine

Upande wa pili wa shilingi. Mtu anakuja kutoa laki tatu, namuomba kitambulisho, jina halifanani. "Laini alinisajilia shemeji." Au bosi wa zamani. Au mume waliyeachana naye mwaka 2021. Dalili zake: unashindwa kubadili namba ya siri kwa sababu unaulizwa taarifa za mtu mwingine, laini ikipotea huwezi kuirudisha, na siku aliyeisajili akiamua kuichukua, ataichukua pamoja na salio.

Dawa ni kuhamisha umiliki mkiwa wote wawili, na vitambulisho, dukani. Ni kazi ndogo mkiwa mnapatana, kwa hiyo ifanye wakati mnapatana.

Aliyeisajili akiwa amefariki, pole sana, na hapa nitasema wazi kwa sababu familia nyingi zinakosea. Ukijua namba ya siri ya marehemu, usitoe pesa hata kama ni za mazishi. Salio la simu ni mali ya marehemu kama nyumba na shamba. Anayestahili kulishughulikia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ataenda kwa mtoa huduma na hati zake. Nimeona ndugu wakigombana kwa laki mbili zilizotolewa usiku wa msiba.

Meseji ya "ile hela", au pesa imeingia usiyoijua

Meseji ya kitapeli ikija, usiijibu hata kwa matusi. Iwasilishe kwenda 15040. Ukishaituma utaombwa namba iliyokutumia, nayo uitume. Wengi wanafuta wakidhani wamemaliza. Ukifuta umejiokoa mwenyewe, lakini namba inaendelea na kazi kwa mwingine.

Ukiwa umeshatuma, kasi ndiyo kila kitu. Mpigie mtoa huduma wako papo hapo, taja namba ya muamala iliyo kwenye meseji ya uthibitisho, omba uzuiwe. Hela ikiwa bado iko kwenye akaunti ya tapeli, inaweza kushikwa. Ikishatolewa kwa wakala, utabaki na njia ya polisi peke yake.

Hali ya kinyume inawachanganya watu zaidi. Pesa imeingia, shilingi elfu arobaini, hujui imetoka wapi. Dakika mbili baadaye mtu anapiga analia, amekosea namba, mgonjwa yuko Muhimbili, umrudishie kwenye namba hii nyingine. Kwanza angalia salio lako kwa menyu, usiamini meseji. Wengine hutuma meseji iliyoandikwa kama ya mtandao na hakuna pesa yoyote iliyoingia. Salio likiwa halijaongezeka, huyo ni tapeli. Likiwa limeongezeka kweli, usiitumie wala usiirudishe kwa namba uliyotajiwa. Mwambie apige kwa mtoa huduma wake aombe muamala urudishwe, na wewe piga 100 useme umepokea pesa isiyo yako na unakubali irudi. Ukirudisha kwa mkono wako kwenye namba nyingine, mwenye pesa halisi anaweza kuomba irudishwe pia, ukalipa mara mbili. Na ukiitumia ukijua si yako, kesi hiyo ni yako.

Umekopa kwenye simu, sasa wanatumiwa meseji ndugu zako

Dalili: mama mkwe anakupigia kuuliza kwa nini jina lako liko kwenye meseji ya madeni. Sababu: ulipopakua programu ya mkopo iliomba ruhusa ya kuona majina ya simu yako, ukabonyeza ndiyo bila kusoma, ikayanakili yote.

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kwa hiyo kwanza tazama kama aliyekukopesha ana leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, uondoe ruhusa ya majina, meseji na picha, ndipo uifute programu. Ukifuta programu kwa hasira kabla ya kupiga picha kioo chenye mkopo, riba na vitisho, umefuta ushahidi wako.

Kusambaza deni lako kwa watu wengine ni suala la taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Peleka picha hizo huko. Nao ndugu waliotumiwa wana haki ya kulalamika wenyewe, kwa sababu namba zao zilichukuliwa bila wao kuulizwa. Lakini nisikudanganye: kufuta programu hakufuti deni. Zungumza ulipe ulichokopa kwa utaratibu unaoandikwa.

Simu imeibiwa

Umekaa dirishani kwenye daladala, gari limesimama taa za Tazara, mkono umeingia na kutoka. Usishuke kukimbiza. Mpangilio ni huu: kwanza laini na pesa, kisha polisi, mwisho simu yenyewe. Azima simu yenye laini ya mtandao wako kwa abiria mwenzako, piga 100, zuia laini na akaunti ya pesa. Benki. Halafu polisi kuchukua RB, na ile Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakutaka utoe taarifa ya kupotea kwa simu au laini, si hiari. Kwa RB hiyo na ile IMEI uliyoiandika kwenye karatasi, mtoa huduma anaweza kuifungia simu kwenye rejesta kuu ili isishike mtandao wowote.

Bila RB, kitu kikifanyika kwa namba yako jioni ile, huna cha kuonyesha kwamba saa hiyo simu haikuwa mikononi mwako. Kama IMEI hukuiandika, tafuta boksi au risiti, au ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu nyingine.

Umeitwa polisi kwa sababu ya ulichosambaza

Hili nitalipitia haraka kwa kuwa linahitaji wakili kuliko fundi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu picha za utupu, taarifa za uongo, kujifanya mtu mwingine na kumsumbua mtu kwa meseji. Aliyesambaza naye ameshiriki, kwa hiyo "nimeletewa kwenye kundi" si utetezi wa kutegemea. Usifute chochote baada ya kuitwa, nenda na ndugu au wakili. Na kwa wanaotumia VPN, programu inayoficha unakoingilia mtandaoni: TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 kutaka matumizi yake yasajiliwe. Kama kazi yako inaihitaji, shughulikia usajili.

Simu imevimba mgongo

Hii sasa ni ya fundi kweli, wala haina daftari. Kifuniko kimeinuka, kioo kimeachana na fremu upande mmoja, ukiilaza mezani inazunguka kama yai. Betri ya lithiamu imejaa gesi. Joto la Dar huchangia, hasa kwa madereva wanaoacha simu juu ya dashibodi kwenye jua la saa saba, na chaja za bei rahisi zisizokata umeme sawasawa.

Zima simu. Usiichaji hata dakika moja ili "utoe namba tu". Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiipeleke kwa mtu atakayeing'oa kwa bisibisi ya chuma. Usiitupe kwenye pipa la taka, kwa sababu likishindiliwa garini inawaka. Iweke mbali na godoro na pazia, uilete. Mimi huitoa kwa kadi ya plastiki, taratibu, mlango ukiwa wazi, na miguuni pangu ipo ndoo ya mchanga niliouchota Coco Beach. Nimeutumia mara moja: betri ilianza kutoa moshi mweupe kabla sijamaliza gundi ya upande wa pili, nikaitumbukiza na kuifunika, tukatoka nje wote hadi ikapoa.